Kisu cha springi cha kutembea nacho mfukoni: kwa nini nimebaki na Kershaw Leek

Nianze na jibu kabisa kwa wale wasio na muda. Kama unaishi Marekani na unatafuta kisu cha kukunja kinachofunguka kwa msaada wa springi, cha kukaa nacho mfukoni kila siku, na kazi zako ni zile za kawaida, tepu, katoni, kamba za plastiki, nailoni ya kuzungushia paleti, chungwa la kumenya ukiwa umepaki, basi chukua Kershaw Leek uendelee na maisha yako. Kama kazi zako ni za kubenua vitu, kufungua makopo ya rangi, kung'oa misumari, usichukue Leek, na kwa kweli usichukue kisu chochote cha kukunja, nunua kamtaimbo kadogo, ni dola chache na hakavunjiki.

Mi naendesha lori kutokea Dallas kwahiyo mengi nitakayosema yametokea huko, maisha ya barabarani na ya kusubiri mzigo ushushwe. Wabeba boksi wenzangu wa kwenye maghala nao yanawahusu ila kwenu kuna jambo la sheria za kazini, nitalifikia.

Kwanza tuelewane tunaongelea kisu gani maana watu wanavichanganya sana. Kuna kisu cha kukunja cha kawaida, bapa unalivuta mwenyewe mwanzo mpaka mwisho. Kuna cha kufyatuka, kile cha kwenye muvi, unabonyeza kitufe kwenye mpini bapa linaruka lenyewe. Hiki chetu kiko katikati. Lazima wewe uanze kulisukuma bapa kwa kidole, ama kwa kile kipembe kinachochomoza mgongoni mwa mpini wanachokiita flipa, ama kwa kichuma kidogo cha kusukumia na dole gumba, ukishalisogeza kidogo tu springi inapokea na kumalizia, tak! limefunguka na loki imeshaingia. Na kabla hujalisogeza, springi hiyohiyo inalivuta bapa libaki limefungwa. Hiyo ya kulivuta lifungwe watu wengi hawaijui, na ndo iliyobeba uhalali wote wa hivi visu, subiri nifike kwenye sheria.

Kwenye Leek ukikifungua ndani hukuti springi ya kujizungusha kama ya kalamu, unakuta kijiti chembamba cha chuma kilichopindwa, kinajikaza ukianza kusukuma halafu kinaachia nguvu. Mfumo wanauita SpeedSafe, ni wa Ken Onion, mtengenezaji visu wa Hawaii, na huyo huyo ndo aliyechora Leek na kaka yake mkubwa, kisu kinachoitwa Blur. Kershaw wenyewe walianza Oregon mwaka 1974, siku hizi wako chini ya kampuni ya KAI ya Japani, ila Leek bado inatengenezwa hukohuko Oregon, mji wa Tualatin. Sio visu vyao vyote lakini, vingi vya bei ya chini vinatoka China, kwahiyo soma boksi, usione jina la Kershaw ukadhani vyote vimetoka karakana moja.

Sasa neno langu kubwa ni hili, springi ndo kitu cha mwisho kabisa cha kuangalia. Najua inashangaza kwa mtu anayesifia kisu cha springi, lakini angalia watu wanavyonunua. Mtu anaingia kituo cha malori anakuta kabati la kioo limejaa visu vina mafuvu, bendera, tai amekunjua mabawa, anachukua kimoja anafyatua mara nne tano, anacheka, analipa dola 15. Hajauliza chuma gani, hajaangalia loki inakaa wapi, hajakiweka mfukoni akaone kinakaaje akikaa kwenye kiti. Kufyatua kote kule ni raha ya dakika mbili, kisu utakaa nacho miaka. Jamaa yangu mmoja alikuwa na kimoja cha hivyo, hakina hata jina la maana, kikamfungukia ndani ya mfuko wa suruali akiwa anapanda kwenye kabini, bahati ilikata kitambaa tu haikufika kwenye paja. Maana springi ikiwa na nguvu na kile cha kulishikilia bapa lifungwe ni dhaifu, unatembea na mtego.

Springi inasaidia kitu kimoja halisi: mkono mmoja ukiwa na kazi. Mkono wa kushoto umeshika kamba imekaza au umeshikilia boksi lisianguke, wa kulia unachomoa, unafungua, unakata. Basi. Na hilo hata kisu kisicho na springi chenye tundu la dole gumba kinafanya, nitakuja huko. Wengine wenye baridi yabisi kwenye vidole au wanaovaa glavu muda wote nao wanafaidika, hao nawaelewa kabisa. Ukisikia mtu anakwambia springi ni kwa ajili ya kujilinda, we muache, kisu sio kitu cha kujilindia, kitakupeleka mahakamani au hospitali, na mara nyingi vyote viwili.

Haya, Leek yenyewe. Bapa ni inchi 3, sawa na sentimita 7 na nusu hivi, kikifungwa kina inchi 4, uzito kama gramu 85. Namba zake sio za ajabu, uzuri wake ni wembamba. Mpini wa kawaida ni chuma kitupu, bapabapa, kinalala kwenye mfuko wa jinzi kama hakipo, unaweza kukaa kitini kutoka Dallas mpaka Amarillo hakikuchomi nyonga. Ndo sababu ya kwanza kukisifu, maana kisu cha kila siku ambacho kinakera mfukoni utakiacha kwenye dashibodi, na siku unayokihitaji uko nyuma ya trela huku kisu kiko mbele.

Bapa nalo ni jembamba sana, haliongezeki unene kama yale ya visu vya kijeshijeshi, kwahiyo linakata kwelikweli. Nikisema kukata namaanisha kupita. Kuna visu vina makali ya kunyoa ndevu lakini bapa nene, ukikata katoni la tabaka mbili linafika katikati linakwama, unaanza kuvuta kwa nguvu, na hapo kwenye kuvuta kwa nguvu ndo watu wanajikata. Leek inapita kama inateleza. Mstari wa makali umenyooka karibu wote mpaka kwenye ncha, kwahiyo kukata kwa kuburuta juu ya meza au juu ya boksi ni rahisi, na ncha yake kali inafungua tepu bila kuzama ndani ikachana mzigo wa mtu.

Hiyo ncha ndo mzigo wake pia. Ni nyembamba kama sindano. Yeyote atakayeitumia kubenua kifuniko, kugeuza skrubu, au kuchokoa jiwe kwenye tairi, ataivunja, hilo halina mjadala, ni hesabu ya chuma tu, chuma chembamba hakipendi kupindishwa pembeni. Kuna wanaolalamika kila siku kwamba Leek ncha inakatika, ukiwauliza ilikatikaje wanaanza kuangalia chini. Kama unajijua una mkono wa kubenua, angalia Blur, bapa lake ni nene zaidi, inchi 3.4, mpini wa alumini una viraka vya kukwaruza ili usiteleze, ila ni nzito na nene mfukoni.

Kuteleza sasa. Mpini wa chuma kitupu, ukiwa na mikono imeloa au ina mafuta ya injini, sio rafiki. Kwenye kazi kavu hutaona shida. Kwenye kazi ya maji, ya samaki, ya kupakua makontena yenye barafu, mi ningeenda kwenye mpini wa alumini wenye mikwaruzo au wa plastiki ngumu. Kuna Leek za mipini mingine, rangi na nyenzo ziko nyingi mpaka zinachosha, lakini umbo ni lile lile laini.

Chuma chake ni 14C28N, cha Sandvik wa Sweden (kitengo chao hicho siku hizi kinaitwa Alleima). Kaboni yake ni kama asilimia 0.6, kromu asilimia 14, halafu wameweka nitrojeni kidogo, na hiyo nitrojeni ndo inasaidia kisishike kutu wakati bado kinakuwa kigumu. Kwa lugha ya kazini: ukitoka jasho siku nzima Houston mwezi wa nane kisu kiko kiunoni, jioni hukikuti kina madoadoa. Na kunoa ni rahisi mno, dakika chache kwenye kinoo kimerudi. Wapo watakaokwambia S30V, chuma kingine cha visu, inakaa na makali muda mrefu zaidi, ni kweli inakaa, sikatai, lakini ikiisha kuinoa ni adhabu kama huna vinoo vya almasi. Katoni zinamaliza makali ya chuma chochote, lile karatasi lina vumbi na mchanga mchanga ndani yake, kwahiyo mimi bora kinachoisha mapema kidogo lakini kinarudi haraka. D2 inauzwa sana sasa hivi kwenye visu vya bei poa, ni chuma kizuri, kinashika makali, ila kuitwa chuma kisichoshika kutu ni kwa kusukumiwa, kromu yake ni kama asilimia 12 na sehemu kubwa imejifungia kwenye zile punje ngumu za ndani, kwahiyo ukikiacha na maji ya limao utaamka na madoa. Na ukikuta kisu kimeandikwa tu "stainless" bila jina la chuma, rudisha kabatini.

Loki ni ile ya fremu, yaani kipande cha mpini wenyewe kimekatwa kikaachwa kijikunje kuingia nyuma ya bapa likifunguka. Ni imara kwa ukubwa wake. Ukiwa dukani fungua kisu uangalie kile kipande kimekaa wapi, kinatakiwa kiwe kimegusa kisigino cha bapa vizuri, sio kwenye ukingo tu kama mtu anayening'inia, wala kisiwe kimevuka mpaka upande wa pili. Halafu shika bapa kwa mgongo wake ulitikise juu na chini, likicheza achana nacho.

Na jambo ambalo hakuna muuzaji atakwambia: kufunga kisu cha springi ndo kunahitaji akili kuliko kukifungua. Kile cha kawaida ukishatoa loki bapa linalegea linakuja. Hiki springi inapigana na wewe, inataka libaki wazi, inabidi usukume kwa nguvu mpaka lipite pale springi inapogeuka, halafu ghafla linalegea na kujifunga lenyewe. Ukiwa umeacha kidole njiani hapo ndo unajua rangi ya damu yako. Siku za kwanza funga kwa mikono miwili, usione haya, weka mgongo wa bapa kwenye kiganja cha mkono mwingine ulisukume taratibu. Au bonyeza mgongo wa bapa kwenye paja kama unavaa jinzi nzito, mi napenda mikono miwili.

Leek ina kitu kingine ambacho wengi wanakicheka na mi nakipenda, kuna kijifunguo kidogo upande wa ncha cha kusogeza na ukucha, ukikisogeza kinaikamata ncha bapa haliwezi kufunguka kabisa mfukoni. Watu wanakitoa wanasema kinachelewesha. Kinachelewesha sekunde moja. Ukiwa na watoto nyumbani wanaopenda kupekua mifuko ya baba utakiheshimu.

Sasa sheria, na hapa naomba usome taratibu maana ndo sehemu inayowaumiza watu wetu, mtu kanunua kitu halali dukani kwa risiti halafu anashangaa kipo kwenye mfuko wa ushahidi. Sheria ya taifa ya visu vya kufyatuka Marekani ni ya mwaka 1958, inahusu kuviuza na kuvisafirisha kati ya majimbo. Mwaka 2009 Bunge lao liliongeza kifungu kinachosema haihusu kisu chenye springi au kitu kingine kinacholivuta bapa lijifunge, ambacho mtu lazima atumie nguvu ya mkono kwenye bapa ili kulishinda hilo vuto. Umeona sasa kwa nini nilisema ukumbuke ile ya kulivuta lifungwe? Hapo ndo Leek na wenzake wanaponea.

Lakini hiyo ni ya taifa. Majimbo na miji ina yake, na sisi wa malori tunavuka mipaka minne kwa siku mbili. Texas kwetu tumepumua, tangu Septemba 2017 kisu chenye bapa lisilozidi inchi 5 na nusu mtu mzima anatembea nacho karibu popote. Ukifika Chicago mambo yanageuka, mji wenyewe una kikomo cha inchi 2 na nusu kwa kisu kilichofichwa mwilini, kwahiyo Leek yenye inchi 3 imeshapita. New York City bapa la inchi 4 kwenda juu haliruhusiwi hadharani, na hata fupi halitakiwi kuonekana, ile klipu ya kukipachika kisu kwenye mfuko ikichungulia tu inaweza kukuletea maswali. Los Angeles wao wamegeuza kibao, kisu chenye bapa la inchi 3 au zaidi ndo hakitakiwi kubebwa wazi wazi. Mji mmoja hautaki kionekane, mwingine hautaki kifichwe, we utajua mwenyewe. California kwa ujumla kisu cha kufyatuka cha inchi 2 kwenda juu ni kosa ila hiki cha kusukuma kwa kidole sheria yao imekitoa. Sheria hizi zinabadilika, soma ya mji unaokwenda kabla hujaondoka, usitegemee maneno ya mtu wa kwenye pampu.

Jengo la serikali kuu ni habari nyingine, na hili ni la sisi wahamiaji hasa. Sheria ya majengo ya shirikisho inasamehe kisu cha mfukoni chenye bapa chini ya inchi 2 na nusu tu. Leek ni inchi 3. Siku ya alama za vidole, siku ya intavyuu ya uhamiaji, siku ya kula kiapo cha uraia, siku ya kwenda ofisi ya soshosikyuriti, kisu kinabaki nyumbani, sio kwenye gari, nyumbani. Umesubiri miaka unaenda kuharibu mlangoni kwa sababu ya kisu cha kumenyea chungwa? Na kule mlangoni mashine inaona kila kitu.

Kazini nako, maghala mengi makubwa hayataki kisu binafsi kabisa, wanakupa kile kikatio chao cha usalama chenye wembe uliojificha, ukikutwa na chako supavaiza anaandika. Uliza kabla. Na shule, ukienda kumchukua mtoto, kitoe mfukoni.

Polisi wakikusimamisha barabarani na klipu inaonekana, usipeleke mkono huko hata kama nia yako ni kukionyesha. Mikono juu ya usukani, mwambie kwa mdomo kipo wapi, subiri yeye aseme. Kwa rangi zetu sina haja ya kueleza zaidi. Na usiwe mtu wa kufyatua tak tak kwenye foleni ya duka kwa kuboreka, ule mlio watu hapa wanaujua, mama mwenye mtoto pembeni yako hajui kwamba we unafikiria fungu la nyanya.

Ndege ni rahisi, kwenye begi la mkononi hapana, kwenye begi la kupeleka chini ruksa, kifunge vizuri kisimkate mkaguzi. Ila angalia unashukia wapi. Uingereza ni balaa, tangu Julai 2021 visu vya aina hii ni marufuku hata kukaa navyo ndani kwako, na mtaani kule kisu cha kukunja unachoruhusiwa kubeba bila kuulizwa ni kisicho na loki, bapa lisilozidi inchi 3. Ndugu yako wa Reading au Leicester usimpelekee Leek kama zawadi, mpelekee Victorinox ndogo ile nyekundu. Ujerumani nako visu vya kufungua kwa mkono mmoja vyenye loki hakitakiwi kutembea nacho bila sababu ya maana. Na ukipeleka nyumbani Afrika Mashariki uliza kwanza sheria ya huko, usiende kubishana na mtu wa forodha saa nane usiku.

Wengine niliowapima kabla ya kubaki hapa. Kershaw Cryo, umbo la mchora visu Rick Hinderer, bapa inchi 2.75, ni dogo lakini kisu chenyewe kizito kuliko Leek, nikajiuliza nabeba chuma cha nini. Bei yake ni nzuri lakini, na ni imara, kwa anayeanza haikosei. SOG Flash II kinafunguka kwa fujo, springi ina nguvu kweli, mpini mwepesi wa plastiki na kwenye mikono yangu mikubwa ulionekana kama kitu cha kuchezea ingawa chuma chake AUS-8 hakina neno. Zero Tolerance 0350, ndugu wa Kershaw chini ya KAI, S30V, kisu cha wanaume wa kujenga madaraja, karibu gramu 175, suruali inahitaji mkanda wa pili. Benchmade Barrage ndo bora kuliko vyote kwa utengenezaji, loki yao ya AXIS ni tamu, unavuta kijiti kwa vidole viwili unafunga bila kuweka kidole kwenye njia ya bapa, ila bei ni karibu mara mbili au tatu ya Leek na kwa kazi ya tepu naona ni kununua benzi ya kwendea dukani.

Na nilisema nitakuja kwenye kisichokuwa na springi. Spyderco Delica, kutoka Seki kule Japani, chuma VG-10, inchi 2.9, gramu kama 70 tu, ina lile tundu la mviringo kwenye bapa, dole gumba linalisukuma linafunguka kwa mkono mmoja karibu haraka ileile. Kama unaishi sehemu yenye polisi wakali au sheria haieleweki, chukua hiyo ulale usingizi. Kwa dola 20 hivi kuna Opinel namba 8 ya Ufaransa, mpini wa mti, pete ya kuzungusha ndo loki, mikono miwili kufungua, na kwa kukata chakula hakuna kati ya hivi vyote kinachoifikia. Mi nikiwa nyumbani nakaa na Opinel jikoni, Leek ni ya kazini.

Maana kuna hili la mbuzi. Tunapokwenda shambani kununua mbuzi wikiendi, kuchinja na kuchoma, kila mara kuna mtu anatoa kisu chake cha springi kwa mbwembwe anataka kuchunia. Usifanye hivyo. Mafuta na damu vinaingia pale bapa linapozungukia, ndani kwenye kijiti cha springi, na kisu cha namna hii ndani hakioshwi kirahisi, baada ya siku tatu kinanuka na kinafunguka kizembe. Kisu cha kuchinja na kuchuna ni kile kisichokunjwa, cha buchani, dola 20 za Victorinox zinatosha mbuzi hata kumi, unakiosha kwa sabuni yamekwisha.

Utunzaji hauna mambo mengi. Gundi ya tepu ndo adui, itajirundika kwenye bapa mpaka kisu kinavuta, futa kwa spiriti ya kusafishia vidonda ya duka la dawa na kitambaa. Uchafu wa mfukoni, ile manyoyamanyoya, pulizia au tumia mswaki mkavu. Tone moja la mafuta ya madini pale kwenye skrubu ya katikati, lisiwe la mafuta ya kula tafadhali, alizeti inaganda inakuwa gundi, utakuja kusema springi imechoka kumbe umeikaanga. Skrubu zake ni za nyota ndogo, T6, nunua bisibisi nzuri maana za bei rahisi zinazila. Kukifungua chote na kutoa kile kijiti cha springi mi sioni haja, kurudisha kwake kunataka subira na vidole vya fundi saa. Makali, shika kinoo cha punje za ukubwa wa kati, pembe ya nyuzi 20 hivi kila upande, malizia kwenye mkanda wa ngozi. Kershaw wana huduma ya kukunolea bure, unalipia kutuma tu, ila kwa sisi ambao hatulali sehemu moja, kujifunza kunoa ni haraka kuliko posta.

Kijiti cha springi ni chuma kinachopindwa kila unapofungua, kwahiyo siku moja kinaweza kukatika, kwenye chapa yoyote. Habari njema ni kwamba kikikatika kisu hakifi, kinageuka kuwa cha kufungua kwa mkono tu, ila hakina kile cha kulishikilia vizuri likiwa limefungwa, kwahiyo hapo tumia kile kijifunguo cha ncha mpaka upate kingine.

Kununua, mi nilikuta bei kati ya dola 60 na 90 kulingana na rangi na duka. Ukiona mtandaoni Leek mpya ya dola 18 hiyo sio Leek, visu feki vya chapa kubwa ni vingi na vimefanana mpaka boksi, nenda kwa muuzaji anayetambuliwa na kampuni, utunze risiti. Rangi usihangaike, ya chuma kitupu inaficha mikwaruzo vizuri kuliko ile nyeusi. Na kama unatumia mkono wa kushoto, Leek itakusumbua, loki yake imejengwa kwa mtu wa kulia, jipange kwa Barrage, inafunga pande zote mbili na klipu inahamishika, hapo ile bei yake mi naielewa.